UZI: Kompyuta yako ya mezani imekuwa nzito? Ipunguzie mizigo, lakini mlinzi mwache langoni (Mtwara na Lindi karibuni)

FundiMikindani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za msimu.

Minada ya korosho imeanza, ofisi za vyama vya msingi zimejaa karatasi, na kwetu mafundi wa kompyuta huku Mtwara huu ndio wakati simu hailali. Kila anayepiga ana wimbo mmoja: "Fundi, mashine imekuwa nzito, njoo unipigie Windows upya." Nimekaa kuandika uzi huu kwa sababu wiki iliyopita nimeletewa mashine ya tatu tangu Oktoba yenye ugonjwa ule ule, na mwenye hiyo ya tatu amepoteza vitu ambavyo sina namna ya kumrudishia. Imeniuma.

Ni dada mwenye steshenari hapa mjini. Anatoa kopi, anapiga picha za pasipoti, anaandikia watu barua za kuomba kazi. Mashine yake ni Dell OptiPlex 790, Core i3 ya kizazi cha pili, RAM GB 4, diski ya zamani ya kuzunguka ya GB 250. Ilikuwa inamchosha, akampata mtu akampigia "Windows nyepesi" iliyokuwa kwenye flashi. Ikawaka upesi kweli, akafurahi. Mimi nilipoifungua nikakuta Microsoft Defender, antivairasi ya Windows yenyewe, imeng'olewa, huduma ya masasisho haimo kabisa, faiawoli imezimwa, na kila anayekaa pale anaingia kama msimamizi mkuu, bila nywila. Mashine ya steshenari! Inayochomekwa flashi za watu thelathini kwa siku!

Jioni moja akaona mafaili yote yameota mkia mgeni mwishoni mwa majina, na kwenye skrini kuna maandishi ya kudai pesa za kidijitali. CV za watu, picha, daftari la madeni la miaka minne, vyote vimefungwa. Nakala ya akiba alikuwa nayo, kwenye diski ya nje. Lakini diski hiyo ilikuwa imechomekwa mchana na usiku, kwa hiyo nayo ikafungwa hapo hapo.

Sasa twende kwenye kazi yenyewe.

Kwanza tujue uzito unatoka wapi. Bonyeza Ctrl+Shift+Esc, ifunguke Task Manager, uiangalie dakika mbili tu baada ya mashine kuwaka. Kwenye PC nyingi zinazofika mezani kwangu prosesa inasoma asilimia kumi au ishirini, huku diski imeganda kwenye mia. Diski ya kuzunguka ina kichwa kinachohama kutoka sehemu moja kwenda nyingine, na kila kuhama kunakula kama milisekunde kumi. Hesabu mwenyewe: maombi yapatayo mia kwa sekunde, basi. Windows 10 ikiwaka inaomba maelfu ya vipande vidogo vidogo, na kila programu iliyojipachika kwenye foleni ya kuwaka inaomba vyake. Ndiyo maana unasikia ile *krr krr krr* na mshale umesimama. SSD, diski ya kisasa isiyozunguka, haina kichwa cha kuhama. Nimemwekea mzee mmoja SSD kwenye mashine yenye umri kama huo, na kuwaka kumetoka dakika nne na ushee hadi chini ya nusu dakika, Windows ni ile ile yenye ulinzi wake wote. Kama una pesa ya kitu kimoja tu, nunua SSD. Cha pili, RAM ifike GB 8.

Kama pesa haipo leo, punguza mizigo kwa utaratibu huu. Kabla ya kugusa chochote tengeneza kituo cha kurudia, andika "restore point" kwenye sehemu ya kutafutia utapelekwa. Halafu rudi Task Manager, kipengele cha Startup, zima vyote visivyo na kazi ya lazima asubuhi: programu za simu, za muziki, vivinjari vinavyojiwasha, visaidizi vya printa uliyoiuza zamani. Kuzima hapo hakufuti kitu, ukijutia unawasha tena. Kisha ingia Settings uondoe programu usizozitumia, hasa antivairasi za majaribio zilizoisha muda. Nimekuta mashine moja ina tatu, zinanyang'anyana kila faili linalofunguliwa.

Huduma ya SysMain (inayopakia programu mapema kabla hujaziita) kwenye diski ya kuzunguka unaweza kuijaribu ikiwa imezimwa, uone tofauti siku mbili tatu. Ukiona hakuna, irudishe. Michoro ya madirisha: bonyeza Windows+R, andika SystemPropertiesPerformance, chagua ya wepesi, lakini bakiza alama ya kulainisha fonti, usije ukaumiza macho kwa kuokoa kitu kisichofika hata kijiko. Nafasi ikibana, fungua Command Prompt kama msimamizi uandike `powercfg /h off`. Hiyo inaondoa faili la kulalia, ambalo kwa RAM ya GB 4 huwa kama GB 1.6.

Visivyoguswa ni hivi. Faili la kumbukumbu ya ziada lisizimwe kama RAM ni ndogo, programu zitajifunga ukiwa katikati ya kazi. Folda ya WinSxS, ghala la vipande vya Windows, usiifute kwa mkono hata kama inaonekana kubwa, ina amri yake: `DISM /Online /Cleanup-Image /StartComponentCleanup`. Programu za "kusafisha rejistri" achana nazo kabisa, sijaona hata moja iliyoongeza kasi, na nimeona zilizovunja Microsoft Office. Na Defender, masasisho na faiawoli ni mlinzi wa nyumba. Ukimfukuza mlinzi nyumba inakuwa na nafasi zaidi, ndiyo, hata kwa mwizi.

Nipo, ulizeni.

MdauRahaleo

Shukrani sana fundi, uzi umeshiba. Mimi niko Lindi mjini, natumia hotspoti ya simu. Tatizo langu ni bando. Naweka GB 5 asubuhi, jioni nimebaki na salio la kusikitisha, na nilichofanya ni kutuma barua pepe mbili. Kuna mtu kaniambia nizime masasisho moja kwa moja. Nifanyeje?

FundiMikindani

Usizime mkuu, yawekee ratiba. Ukiwa umeunganishwa na hiyo hotspoti, ingia Settings, Network, fungua mtandao unaoutumia, washa kipengele cha Metered connection. Hapo Windows inajua bando ni la kupimwa, inaacha kushusha makubwa bila idhini yako. Pili, tafuta Delivery Optimization uzime. Ikiwa imewekwa kuhusisha kompyuta za nje, mashine yako inaweza kuwa inapandishia watu wengine masasisho kwa bando lako. Wengi hawajui hili.

Halafu kila mwezi chagua usiku mmoja. Microsoft hutoa masasisho ya usalama Jumanne ya pili ya mwezi, kwa hiyo nunua bando la usiku wiki hiyo, bonyeza mwenyewe, uache mashine imalize.

KijanaChuno

Mkuu naomba nitofautiane na wewe kidogo, kwa heshima. Mimi natumia Windows 11 iliyopunguzwa mwaka mzima sasa, PC yangu haina TPM (ile chipu ya usalama) wala nini, na sijapata kirusi hata kimoja. Inatumia RAM kidogo, michezo inapiga safi. Mbona mnatutisha? Microsoft wenyewe ndio wametutelekeza, Windows 10 wameifunga.

FundiMikindani

Karibu mdogo wangu, hoja yako ina uzito na sitaipuuza.

Ni kweli Windows 10 ilifikia ukomo tarehe 14 Oktoba 2025, baada ya miaka kumi na kidogo tangu itoke Julai 2015. Ni kweli pia Windows 11 inataka TPM 2.0, na kwa Intel inataka kwa jumla kizazi cha nane kwenda juu, wakati mashine nyingi za ofisi tunazoletewa kutoka Kariakoo ni za kizazi cha pili, tatu, nne. Kwa hiyo hasira yako naielewa, hata mimi ninayo. Mashine nzima, bodi nzima, prosesa ina nguvu ya kuandika barua miaka kumi mingine, eti haifai.

Lakini swali langu ni moja: nani aliyepunguza? Ukichukua Windows iliyochezewa na mtu usiyemjua, umempa mtu huyo ufunguo kabla hujaingia mwenyewe. Antivairasi inatafuta kilichoingia baada yake, na hapa mwenye kuiondoa ndiye yule yule aliyekupa mfumo. Kusema "sijapata kirusi" kwenye mashine isiyo na cha kukionyesha kirusi, hilo halinitoshi. Vya siku hizi vinakaa kimya, vinachukua nywila zilizohifadhiwa kwenye kivinjari, vinaondoka.

Kama unataka kupunguza kwa kina, anza na ISO (faili la kusakinishia) ya Microsoft wenyewe, uipunguze wewe kwa skripti ambayo msimbo wake uko wazi na unaweza kuusoma mstari kwa mstari. Faili lolote kubwa unalopewa, pima alama yake ya kidole: `certutil -hashfile jina.iso SHA256`, ulinganishe na iliyoandikwa na mtoaji. Ikitofautiana hata herufi moja, futa. Na aktiveta za bure (za kuifungua Windows bila leseni) zile zinazoanza kwa kukuambia "zima antivairasi kwanza", jamani, mtu anayekuomba umfunge mbwa kabla hajaingia uani anataka nini?

Jambo jingine kwa wenye Core 2 Duo: kuanzia toleo la 24H2, Windows 11 inahitaji maagizo ya prosesa ambayo Core 2 Duo haina. Haitawaka, hata ukiruka masharti ya TPM. Msipoteze bando kuishusha.

Na usisahau Mei 2017, WannaCry, kirusi kilichofunga mafaili na kudai pesa. Ile ilipita mashine hadi mashine kupitia mtandao, haikumngoja mtu afungue kitu. Ilisimamisha hospitali za umma Uingereza. Kiraka chake kilikuwa kimeshatolewa Machi, miezi miwili kabla. Waliokuwa wamesasisha walilala usingizi wao.

Kwa wanaobaki Windows 10: kuna mpango wa masasisho ya ziada ya usalama kwa watumiaji wa kawaida, uliowekewa mwisho 13 Oktoba 2026. Uwe na toleo la 22H2 na akaunti ya Microsoft, ukisawazisha mipangilio yako hulipi. Usajili unaukuta kwenye ukurasa wa Windows Update. Na Defender wamesema itaendelea kupewa taarifa za virusi vipya hadi Oktoba 2028, ingawa hiyo peke yake haizibi matundu ya mfumo.

KijanaChuno

Nimekuelewa kaka. Kwenye hilo la nywila kwenye kivinjari umenishika, maana akaunti yangu ya mtandao wa kijamii iliingiliwa Agosti na sikuunganisha mambo. Nitaanza upya na ISO halisi, na nywila zote nabadilishia kwenye simu kwanza.

KaraniNewala

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni karani kwenye ofisi, nahusika na majina ya wakulima na uzito waliouleta ghalani. Siku ya tatu leo kompyuta inagoma kufungua tovuti, kila nikiingia inaandika kwamba muunganisho si salama. Simu yangu kwa mtandao ule ule inafungua vizuri. Antivairasi nayo inasema imepitwa na wakati. Nimeambiwa ni virusi nipigwe Windows upya, na mafaili yote yamo humo. Naogopa.

MwalimuNachingwea

Pole dada. Kabla ya yote tazama saa chini kulia. Mwaka unasoma ngapi?

KaraniNewala

Mungu wangu. 2011.

MwalimuNachingwea

Basi usipigwe Windows. Kila tovuti yenye kufuli ina cheti chenye tarehe ya kuanza na ya kuisha. Kompyuta yako inadhani tuko 2011, ikiona cheti cha mwaka huu inasema bado hakijaanza kutumika, inakataa. Kwenye bodi kuna betri ndogo ya duara kama kifungo cha koti, imeandikwa CR2032. Ndiyo inayotunza saa umeme ukikatika. Ikifa, kila TANESCO wakikata mashine inarudi utotoni.

FundiMikindani

Asante Mwalimu, umenitangulia. Dada, chomoa waya wa umeme kabisa, bonyeza kitufe cha kuwashia mara moja kumaliza umeme uliobaki, fungua ubavu wa kesi. Betri iko wazi, kuna kijisimamio cha chuma pembeni, kisukume kwa ukucha, betri inaruka yenyewe. Mpya inaingia upande ulioandikwa uso juu. Ukiwasha, nenda ukarekebishe tarehe, saa za Dodoma na Nairobi ni zile zile, UTC+3.

Na kwa kuwa umeshafungua: kwetu pwani upepo wa bahari una chumvi, na hata huko juu Makonde vumbi jekundu halina huruma. Chomoa RAM, angalia yale meno ya rangi ya dhahabu. Yakiwa yamefifia kama sarafu ya zamani, yasugue taratibu kwa kifutio cha penseli, futa unga kwa brashi kavu, rudisha hadi vishikizo vilie *tak*. Mashine nyingi zilizohukumiwa kufa huku kwetu nimezifufua kwa kifutio cha mtoto wa shule.

Lakini leo hii, kabla hujagusa betri, nakili majina ya wakulima kwenye flashi mpya, kisha flashi ikae kabatini. Nakala tatu, vifaa viwili tofauti, moja nje ya ofisi. Iliyochomekwa muda wote siihesabu kama nakala, mmeona yaliyompata yule dada.

MwalimuNachingwea

Niongezee la kwangu. Shuleni tulikuwa na PC 14 za msaada, nyingine zilifika na Windows 7, ambayo iliachwa tangu 14 Januari 2020. Nimeziweka zote Linux Mint, mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows, toleo jepesi la Xfce. Inataka RAM GB 2 kwa uchache, GB 4 unakaa raha, na diski GB 20. Mint 22 inahudumiwa hadi 2029. LibreOffice, programu za ofisi za bure, imo tayari, wanafunzi wanaandika, wanafanya majedwali, na hakuna aliyeniletea kirusi cha shotikati tangu hapo.

Ulinzi wake ni mwepesi: `sudo ufw enable` inawasha faiawoli. Ukitaka kujua nini kinachelewesha kuwaka, andika `systemd-analyze blame`, inakutajia kila huduma na sekunde zake. Usizime tu kwa sababu jina hulijui, lisome kwanza.

Angalizo kwa wanaoweka mifumo miwili pamoja: zima Fast Startup ya Windows. Vinginevyo Windows haijazimika kweli, imelala, na Linux itafungua diski ile kwa kusoma tu, utadhani imeharibika. Ile `powercfg /h off` ya fundi inaizima pia. Na kabla ya kuhamia, washa Mint kutoka kwenye flashi bila kuisakinisha, ujaribu printa na skana. Printa nyingine draiva zake hazipo upande huu, ni bora ujue mapema.

Jambo moja nalipenda sana kulisema: mfumo ukiwa kwa Kiswahili, wanafunzi wa kidato cha kwanza wanaacha kuogopa. Windows ina pakiti ya Kiswahili, LibreOffice nayo ipo. Hii si mpya, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, mwaka 2004. Maneno kama *hariri*, *hifadhi*, *chapisha* mtoto wa Nachingwea anayajua kabla hajagusa kipanya.

MdauRahaleo

Hicho kirusi cha shotikati ndicho kinachonila. Flashi inarudi kutoka steshenari, mafaili yote yamegeuka shotikati. Dawa?

FundiMikindani

Mafaili yako yapo, yamefichwa tu. Usibonyeze shotikati hata moja, maana kubonyeza ndiko kunakoendesha kirusi. Ruhusu Defender ichunguze flashi kwanza. Kisha kama flashi ni E, fungua Command Prompt uandike `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*`, yatajitokeza. Hamisha, halafu fomati flashi. Pia washa kipengele cha kuonyesha mikia ya majina ya mafaili. Ukiona "barua.pdf.exe" utajua hiyo si barua.

Wenye steshenari, tafadhali nisikilizeni. Tengenezeni akaunti mbili: ya msimamizi yenye nywila, mnayoingia siku ya kusakinisha kitu, na ya kawaida ya kazi za kila siku na wateja. Kirusi kikiingia kwenye akaunti ya kawaida kinakwama sehemu nyingi, kwa sababu hakina ruhusa ya kugusa mfumo. Hii haipunguzi kasi hata chembe. Tena kwenye Defender kuna Controlled folder access: ukiiwasha, programu isiyojulikana haiwezi kubadilisha mafaili yaliyo kwenye folda zako. Itakusumbua siku mbili za kwanza, utairuhusu programu moja moja, halafu itatulia.

Kingine, mashine za kopi za zamani zinazotuma skani kwenye folda ya kompyuta. Mafundi wengi wanawasha SMB ya kwanza (njia ya kizamani ya Windows ya kushirikiana mafaili kwenye mtandao) ili zikubali. Huo ndio mlango alioingilia WannaCry. Skani kwenye flashi ya ofisi, au tumia FTP (njia nyingine ya kutuma mafaili) ya ndani ya ofisi. Na AnyDesk, programu ya kuendesha kompyuta kutoka mbali, aliyoacha fundi wako mwaka juzi, iondoe leo. Hata kama fundi huyo ni mimi.

KaraniNewala

Nimerudi. Betri nimeipata duka la saa sokoni, nimebadilisha mwenyewe huku mwenzangu ananishikia tochi ya simu. Tovuti zimefunguka, antivairasi inajisasisha saa hizi. Majina ya wakulima yako kwenye flashi mbili, moja nimekwenda nayo nyumbani. Kaka fundi, hiyo akaunti ya kawaida natengenezea wapi?

FundiMikindani

Hongera sana dada! Settings, Accounts, Family & other users, ongeza mtu mwingine. Ikiuliza barua pepe, chagua huna taarifa zake, kisha chagua mtumiaji asiye na akaunti ya Microsoft. Mpe jina la ofisi na nywila. Hakikisha chini ya jina haijaandikwa Administrator. Na akaunti unayotumia sasa, ambayo ndiyo ya msimamizi, iwekee nywila yake. Ukikwama piga picha ya skrini uitupie hapa, nitakuwa macho mpaka saa nne usiku.